Nyasi za Uwanja wa Ndege Zina Mwenyewe

Mtu akitaja uwanja wa ndege katika Uganda, fikira za wasikilizaji hukimbilia Entebbe: taa, minara, ndege kubwa za kutoka ng'ambo, na yale mambo ya Julai 1976 ambayo yamekwisha simuliwa vya kutosha katika kila kambi. Mazungumzo ya leo hayahusu Entebbe. Yanahusu viwanja vidogo vilivyotawanyika katika wilaya za mbali, nje kidogo ya mji, ambako nyasi huota mpaka magotini wakati wa mvua, mfuko wa upepo umepauka kwa jua, na askari mmoja au wawili hukaa chini ya mwembe wakiingoja ndege ambayo pengine haitatua mpaka keshokutwa.

Askari hao wamo miongoni mwa wasikilizaji wa kipindi hiki. Wapo walio polisi wa viwanja vya ndege. Wapo wanajeshi ambao kambi zao hazikai mbali na viwanja hivyo. Na wapo wengi zaidi ambao hupita kando yake kila siku, wakienda sokoni au wakirudi zamu, bila kujua kwamba siku moja huenda wakaulizwa waliona nini walipopita.

Nje ya Entebbe, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda inasimamia viwanja 13. Navyo ni Arua, Gulu, Lira, Soroti, Moroto, Kidepo, Pakuba, Masindi, Tororo, Jinja, Kasese, Mbarara na Kisoro. Havilingani. Gulu ina njia ya lami inayozidi urefu wa kilomita 3, ambayo ndege kubwa yaweza kuitumia. Soroti imejulikana tangu 1971, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha hapo chuo cha kufundishia marubani na mafundi wa ndege wa nchi zote tatu, na chuo hicho kikaendelea kuishi hata Jumuiya yenyewe ilipovunjika mwaka 1977. Kidepo na Pakuba zimo ndani ya mbuga za wanyama, na huko wanaokatiza njia ya ndege si ng'ombe bali nyati na swala. Lakini vingi katika hivyo 13 ni viwanja vya hali ya chini: kipande cha ardhi kilichonyoshwa, kikashindiliwa moramu au kuachwa na majani yake, chenye kibanda cha abiria na alama chache zilizopakwa chokaa.

Mamlaka hiyo iliundwa mwaka 1991, na makao yake makuu yako Entebbe. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe. Mwenye uwanja yuko Entebbe, na uwanja wenyewe uko Arua, au Kisoro, au Lira. Baraza la mji halina mamlaka juu yake, mwenyekiti wa kijiji hana, na mkulima aliyepakana nao hana. Wote wanajua kwamba ni mali ya serikali. Ila katika lugha ya kila siku, maneno hayo "mali ya serikali" yamepata maana nyingine ambayo haimo katika kamusi yoyote, nayo ni mali isiyo na mwenyewe.

Ardhi ya namna hiyo hailiwi kwa siku moja. Huanza na njia ya miguu. Mama anayebeba kuni haoni sababu ya kuzunguka kilomita mbili wakati ng'ambo ya pili anaiona kwa macho. Baada ya mama huja baiskeli, na baada ya baiskeli huja bodaboda. Kisha watoto wanaweka magoli mawili ya miti, kwa kuwa hakuna mahali pengine palipo sawa namna hiyo katika tarafa nzima, na hakika ni vigumu kuwalaumu. Wachungaji huleta ng'ombe, maana majani ya pale hayana miiba. Mwaka unaofuata kuna mihogo pembeni. Muhogo ni zao la subira: unaweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi ukimngoja mwenyewe, na ukingoja vile vile kuzoeleka machoni pa watu. Baada ya mihogo hufyatuliwa matofali, na matofali yakishapangwa huwa hayabebwi kwenda mbali. Siku moja nyumba imesimama ndani ya mpaka, ina bati, ina mlango, ina watoto, na aliyemo ana karatasi iliyopigwa muhuri aliyouziwa na mtu ambaye hapatikani tena.

Katika hatua zote hizo, palikuwa na askari kazini. Hakuna hatua hata moja iliyofanyika usiku wa manane kwa silaha. Kila moja ilifanyika mchana, polepole, kwa salamu na heshima. Mlinzi wa benki anamtazama mtu mmoja anayekuja ghafla. Mlinzi wa uwanja mdogo wa ndege anautazama mji mzima ukija taratibu kwa miaka 20. Kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, ingawa wengi huiona kuwa ni kazi ya kupumzikia.

Tangu 1 Julai 2020 kasi yake imeongezeka. Siku hiyo miji kadhaa ilipandishwa daraja ikawa majiji, na miongoni mwake zilikuwamo Arua, Gulu, Jinja na Mbarara, ambazo zote zina viwanja vya ndege. Jiji hupanuka, na bei ya ardhi hupanda. Uwanja uliokuwa shambani, nje ya mji, unajikuta umezungukwa na shule, kanisa, msikiti, kituo cha petroli na nyumba za kupangisha. Eneo lililo wazi katikati ya mji unaokua humtia mtu tamaa, hasa akipita hapo siku tano mfululizo bila kuona ndege.

Je, yafaa ardhi kubwa namna hiyo kukaa kwa ajili ya ndege chache? Swali hili huulizwa kwa dhati, na si na wanyang'anyi peke yao. Mwalimu ambaye shule yake haina kiwanja ana haki ya kuliuliza. Jibu lake linapatikana vizuri zaidi katika Arua.

Kutoka Kampala mpaka Arua kwa barabara ni takriban kilomita 500. Barabara hiyo inauvuka mto Nile mara mbili, kwanza Karuma, kisha Pakwach, na hakuna njia nyepesi ya kuikwepa. Askari wenye umri watakumbuka hali ilivyokuwa katika miaka ya 1990 kati ya madaraja hayo mawili. Waasi wa Lord's Resistance Army walivizia magari, na mabasi yakawa yanasafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Baadhi ya waliosindikiza misafara ile wapo hai na wanasikiliza; baadhi hawapo. Katika miaka hiyo mtu wa West Nile aliyekuwa na mgonjwa, au mtihani, au maiti ya kusafirisha, alihesabu njia zake na kukuta kwamba ile iliyo ya uhakika ilianzia kwenye uwanja wa moramu, kando ya mji wa Arua. Uwanja huo umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa wa pili katika nchi kwa wingi wa abiria baada ya Entebbe, na sababu yake si utajiri wa Arua. Sababu yake ni barabara ile.

Vita vilikwisha upande huo, lakini haja haikwisha. Mwaka 2016 mapigano ya Sudan Kusini yaliwafukuza watu kwa malaki. Kambi ya Bidi Bidi, katika wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu wapatao 270,000. Hapo zamani ilikuwa vichaka. Madaktari, dawa, wapimaji wa maji na watu wa kupanga chakula hawakuweza wote kungoja lori, na Arua ndio uliokuwa mji mkubwa wa jirani wenye uwanja wa ndege unaotumika. Kisha mwaka 2024 daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilifungwa kwa miezi kadhaa ili litengenezwe. Magari yalizungushwa kwa njia ndefu, nauli zikapanda, na kwa mara nyingine watu wa kaskazini-magharibi wakageuza macho kuelekea angani.

Mara tatu katika kizazi kimoja, basi, na kila mara kwa sababu tofauti: waasi, wakimbizi, daraja. Hapana mpangaji wa mji ambaye angeweza kuzitabiri zote tatu. Ardhi iliyokaa "bure" kati ya mara moja na nyingine ndiyo iliyokuwa tayari ilipotakiwa.

Yafaa sasa kueleza kwa nini hatua chache zinazomegwa mwishoni mwa njia ya ndege si hatua chache. Watu wengi, na askari wakiwamo, hudhani kwamba njia ikiwa na urefu wa mita 1,500 na ndege ikahitaji mita 1,000, basi zile 500 ni za ziada na zaweza kugawiwa. Hesabu ya rubani si hiyo. Nchi hii iko juu. Hewa ya Arua, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa. Bawa linapata hewa kidogo ya kuliinua, na injini inavuta hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Wataalamu huongeza asilimia 7 katika urefu wa njia kwa kila mita 300 za kwenda juu. Ndege inayohitaji mita 1,000 pwani itahitaji mita 1,280 katika mwinuko wa Arua. Kisoro, chini ya milima ya Mufumbiro, iko juu zaidi ya mita 1,800, na huko ndege hiyo hiyo itahitaji mita 1,420. Hapo jua la saa nane mchana halijahesabiwa, wala matope, wala majani marefu yanayoshika magurudumu, wala abiria aliyeficha gunia la samaki wakavu chini ya kiti.

Zaidi ya hayo, ndege haipandi kama lifti. Ikishaacha ardhi bado iko chini, na inahitaji nafasi tupu mbele yake. Mkaratusi mmoja uliopandwa na mtu mwema kwa ajili ya kuni, au mlingoti wa simu, au ghorofa ya pili ya nyumba ya wageni, waweza kuipunguza njia kwa mamia ya mita ingawa haukugusa hata inchi moja ya moramu. Vivyo hivyo jalala. Wakazi wa Kampala wanawajua kaloli, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara wanaosimama juu ya takataka kama mahakimu. Kaloli mmoja akiingia katika injini wakati ndege inapaa, rubani hana muda wa kusema neno. Kwa hiyo machinjio au shimo la taka likihamishiwa karibu na uwanja kwa sababu "huko hakuna watu", askari anayejua kazi yake ataandika habari hiyo kwa uzito ule ule ambao angeandika habari ya bunduki iliyopotea.

Ubovu wa uwanja mdogo uliwahi kuandikwa katika magazeti ya dunia nzima, na ulikuwa uwanja wa Uganda. Januari 1954 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikuwa akizuru maporomoko ya Murchison kwa ndege ndogo. Ndege iligonga waya wa simu ikaanguka. Yeye na mkewe walipona, wakaokotwa na chombo cha majini, wakafikishwa Butiaba kwenye ukingo wa Ziwa Albert. Hapo ililetwa ndege nyingine ya kuwachukua. Uwanja wa Butiaba ulikuwa mbovu, wenye mashimo na matuta. Ndege ilikimbia juu yake, ikashindwa kupaa, ikashika moto. Hemingway alitoka akiwa ameumia vibaya, na magazeti yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel, na husemwa kwamba maumivu ya Butiaba hayakumwacha mpaka mwisho wa maisha yake. Butiaba wakati huo ilikuwa bandari yenye meli na watu. Miaka ya mwanzo ya 1960 ziwa lilipanda, bandari ikaharibika, na leo jina hilo halimo katika orodha ya viwanja 13. Ndege haikuanguka pale kwa ukosefu wa rubani wala wa mafuta. Iliponzwa na ardhi ambayo hakuna aliyeisawazisha.

Wanajeshi wana sababu yao ya pekee ya kulijua jambo hili. Katika historia ya nchi hii, magurudumu ya ndege moja yaliwahi kuharibu mpango mzima wa vita. Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin waliokuwa Tanzania walipanga kuingia kwa njia mbili, ya ardhi na ya anga. Ndege aina ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa Dar es Salaam ili ipakie wapiganaji Kilimanjaro na kuwashusha Entebbe. Ilipotua Kilimanjaro magurudumu yake yalipasuka. Safari ikafa hapo hapo. Walioingia kwa miguu na malori tarehe 17 Septemba, kuelekea Masaka na Mbarara, wakabaki peke yao, na mwisho wao unajulikana. Miaka saba baadaye, katika vita vya 1979, majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda yaliiteka Entebbe tarehe 7 Aprili kabla ya kuingia Kampala tarehe 10 na 11, kwa kuwa Entebbe ndipo palipokuwa mlango wa msaada wa Libya. Ofisa yeyote aliyesoma vita hivyo anaijua maana ya uwanja wa ndege. Ajabu ni kwamba ofisa huyo huyo, akiwa amestarehe wilayani wakati wa amani, aweza kuwaona ng'ombe 40 juu ya njia ya kurukia na asiulize ni wa nani. Na wakati mwingine haulizi kwa sababu anajua ni wa nani.

Neno hilo la mwisho ni chungu, lakini halina budi kusemwa katika kipindi ambacho wasikilizaji wake ni wenye sare. Raia akilima pembeni mwa uwanja, anajua kwamba amekosa, na atakimbia akiona gari. Mwenye sare akilima, hakimbii. Na raia wanaotazama hawatasema kwamba fulani amevunja sheria. Watasema kwamba sasa imeruhusiwa. Shamba moja la sajini hufungua milango kwa mashamba 30.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ya yote haya ni kuwapa wenyeji uwanja wao. Wanasema: manispaa iko karibu, inaona, inakusanya ushuru, iachiwe uwanja iutunze kama inavyotunza soko na stendi. Hoja hiyo ina uzito, na si ngeni duniani. Katika Marekani viwanja vidogo vingi ni mali ya miji au wilaya, na mji mdogo wa wakulima waweza kuwa na uwanja wake wenyewe, wenye ndege za kunyunyizia dawa mashamba na ndege ya wagonjwa. Mji unaponufaika na kitu, hukipenda.

Hata hivyo huko huko Marekani kuna kisa cha kufikirisha. Jiji la Chicago lilikuwa na uwanja mdogo kando ya ziwa Michigan, ulioitwa Meigs, nao ulikuwa mali ya jiji lenyewe. Meya Richard Daley alitaka mahali hapo pawe bustani. Mabishano yakachukua miaka. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003 meya alipeleka matingatinga, yakachimba mitaro yenye umbo la herufi X katikati ya njia ya kurukia. Kulipokucha uwanja ulikuwa umekufa, na ndege zilizokuwa zimeegeshwa hapo zikakosa pa kutokea. Serikali ya kuu ilikuja kulitoza jiji faini ya dola 33,000 kwa kutotoa taarifa ya siku 30, fedha ambazo jiji la ukubwa ule halizihisi. Mwenye mali alikuwa karibu sana na mali yake. Na huo ukaribu ndio uliomwezesha kuimaliza kwa usiku mmoja.

Kampala nayo ina kumbukumbu yake, ya upole zaidi. Kololo palikuwa na uwanja mdogo wa ndege. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya Uhuru ilipandishwa hapo, na tangu siku hiyo mahali hapo pakazidi kuwa pa gwaride na sherehe kuliko pa ndege. Jina rasmi siku hizi ni Viwanja vya Uhuru, ila watu wa Kampala, hata vijana ambao hawajapata kuona ndege ikitua pale, bado hupaita kwa jina la uwanja wa ndege. Hakuna anayelalamika, kwa sababu taifa lilipata kitu kikubwa badala yake, na Entebbe ilikuwa karibu. Lakini Arua haina Entebbe nyingine ya karibu, wala Moroto, wala Kisoro.

Kwa hiyo si busara kuikabidhi hati ya uwanja kwa baraza la mji, maana baraza hilo hilo ndilo linalogawa viwanja vya kujenga, na fisi hapewi bucha ya kulinda hata akiwa mpole. Hati na ibaki na taifa. Ila taifa nalo halina macho huko wilayani isipokuwa ya watu walioko huko, na hapo ndipo baraza la mji, kamati ya usalama ya wilaya, jeshi na polisi wanapohitajiana. Baraza likiona kwamba ndege zinaleta wageni sokoni mwake, na likisikilizwa kabla mpaka haujachorwa, litakuwa la kwanza kupiga kelele mpaka huo ukivukwa. Likichukuliwa kama mpita njia, litanyamaza kama mpita njia.

Sheria inawapa askari nafasi iliyo wazi. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 212, inawaagiza polisi kulinda uhai na mali. Kifungu cha 209 kinalitaka jeshi lishirikiane na mamlaka za kiraia wakati wa dharura na maafa. Lakini kifungu cha 26 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba mtu hanyang'anywi mali yake kwa manufaa ya umma mpaka kwanza alipwe fidia ya haki na ya kutosha. Vifungu hivyo vitatu havigombani. Huonekana kugombana pale tu askari anapojifanya hakimu.

Maana si kila anayelima ndani ya uzio wa uwanja ni mvamizi. Vipo viwanja ambavyo vilikatwa zamani na wakoloni, na wapo wazee ambao makaburi ya baba zao yako upande wa pili wa moramu. Vipo vilevile viwanja vinavyopanuliwa, na kila upanuzi huingia katika shamba la mtu. Huko Hoima, ambako uwanja wa Kabalega ulianza kujengwa mwaka 2018 kwa ajili ya shughuli za mafuta, wenye njia ya kilomita 3 na nusu, eneo lote lililotengwa kwa kiwanda cha kusafishia mafuta pamoja na uwanja huo lilikuwa kilomita 29 za mraba, na watu zaidi ya 7,000 wa vijiji 13 walihusika. Jambo la ukubwa huo haliamuliwi kwa kiboko cha koplo. Huamuliwa na wapimaji, wathamini na mahakama, na kazi ya askari ni kuhakikisha kwamba mpaka uamuzi utoke, hakuna anayejenga na hakuna anayebomoa.

Anayetaka kujua kazi hiyo inavyofanywa vizuri na amtazame askari asiyengoja ndege. Asubuhi, kabla umande haujakauka, huipita njia yote kwa miguu, toka mwanzo hadi mwisho, na kurudi upande wa pili. Hutazama mashimo, vichuguu vya mchwa vilivyoota usiku, mawe, kamba, mifuko ya nailoni, na nyayo. Hutazama kama mfuko wa upepo bado unazunguka. Huyahesabu mawe ya mpaka. Likipungua moja hataki kujua kwanza ni nani, hutaka kujua tangu lini. Huzungumza na wachungaji kwa majina yao, akawaambia siku ambayo ndege inatazamiwa, na wao wakazoea kumwambia yeye walichokiona. Mama wa kuni humwonyesha njia ya kuzunguka, na akiona kwamba njia hiyo haipitiki kwa sababu ya bwawa, huliandikia baraza la mji kuhusu daraja la miti, kwa kuwa mtu asiyekuwa na pa kupita atapita popote.

Kisha huandika. Kitabu cha uwanja mdogo ni kitu duni kwa macho: daftari lenye jalada gumu, kalamu iliyofungwa kwa uzi. Lakini siku kesi inapofika mahakamani, na wakili wa mvamizi akasema kwamba mteja wake amekaa pale miaka 12 bila kuulizwa na mtu, hakuna ushahidi unaoshinda ukurasa wenye tarehe, saa, hatua zilizopimwa kutoka kwenye jiwe la mpaka, na saini ya askari aliyekuwa zamu siku ile mihogo ilipopandwa.

Kitabu hicho hicho kina kazi nyingine. Viwanja vingi kati ya hivyo 13 vilijengwa kwa ajili ya mchana. Ikitokea dharura ya usiku, majeruhi wa ajali ya basi au mama ambaye uzazi umemshinda mganga wa wilaya, ndipo hutafutwa taa za mafuta za kupangwa pande mbili za njia, na magari ya polisi ya kuwasha taa zake mwishoni. Rubani anayekubali kuja katika hali hiyo huuliza maswali machache kwa simu kabla hajawasha injini. Njia ni kavu? Upepo unatoka wapi? Nani aliipita mara ya mwisho, na saa ngapi? Aliyeko upande wa pili wa simu hufungua daftari, huweka kidole kwenye mstari wa mwisho, na kusoma.